Bustani za Maji za Kampala: Kutoka Bonde la Mafunjo hadi Kidimbwi cha Uani

Karibu kila bonde kati ya vilima vya Kampala lilikuwa na maji, na karibu kila maji yalikuwa na mafunjo. Mvua ya misimu miwili, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Desemba, hunyesha juu ya vilima vyenye vichwa bapa vya udongo mwekundu, hupenya ardhini, kisha hutokeza miguuni mwa vilima kama chemchemi. Chemchemi hizo hujaza mabonde mapana yasiyo na mteremko mkubwa, hivyo maji hayakimbii, hutambaa. Mji umekaa juu ya mgawanyo wa maji mawili. Bonde la Nakivubo na yale ya upande wa mashariki na kusini humwaga maji katika Ghuba ya Murchison, ndani ya Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Bonde la Lubigi, upande wa kaskazini na magharibi, hupeleka maji yake katika mto Mayanja, kisha Kafu, hadi kwenye Nile. Matone mawili yaliyoanguka kwenye kilima kimoja huenda yakapita njia mbili tofauti kabisa kabla ya kukutana tena mtoni.

Mimea ya mabonde hayo ilijipanga yenyewe kwa utaratibu ambao mtunza bustani wa leo hulazimika kuuiga. Ukingoni, palipo na unyevu bila maji ya kusimama, ilikaa mikindu na mikono mirefu ya miwale. Kidogo ndani zilikuja nyasi ndefu, matete na jamii mbalimbali za ndago. Katikati ya bonde yalitawala mafunjo, ambayo kwa Kiganda huitwa ebitoogo: shina la kijani lenye pembe tatu, refu kuliko watu wawili waliosimamiana mabegani, na juu yake kichwa cha nyuzi laini kama ufagio uliofunguliwa. Mizizi ya mafunjo husukana ikawa mkeka mzito, na palipo na kina mkeka huo huelea. Mtu anaweza kuukanyaga na kuhisi bonde zima likitikisika chini ya miguu. Mwishoni kabisa, mafunjo yanapokutana na maji wazi ya ziwa, huelea yungiyungi, la samawati linalofumbuka mchana na jeupe linalofumbuka usiku.

Watu wa Buganda waliijua mimea hiyo kwa kuitumia. Mafunjo yalikuwa mikeka, kamba, dari na vivuli vya nyumba. Matete yalisukwa kuwa nyua za makasri na za machifu, nyua ambazo wageni wa karne ya 19 walizistaajabia. Kinamasi kilitoa samaki wanaostahimili matope, kambare na kamongo, na kilimficha nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizoumbwa kwa kutembea juu ya mimea inayoelea. Nzohe, ambaye kwa Kiganda ni enjobe, na kamongo, yaani emmamba, wote wawili ni miziro ya koo za Buganda. Kwa watu wa koo hizo, kiumbe wa bondeni ni jamaa asiyeliwa.

Bonde lilikuwa pia kizuizi, na hapa ndipo ustadi wa Waganda ulipoonekana. John Hanning Speke, aliyefika kwenye kasri la Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1862, alivuka kinamasi baada ya kinamasi njiani. Henry Morton Stanley alifuata mwaka 1875. Barabara za Buganda zilikwenda moja kwa moja, zikipanda kilima na kushuka, na zilipofika bondeni zilivushwa kwa tuta lililojengwa kwa magogo ya mikindu, matita ya mafunjo na udongo. Machifu waliwajibika kwa vipande vyao vya barabara. Kusafisha visima na chemchemi, enzizi, kulikuwa sehemu ya bulungi bwansi, kazi ya pamoja kwa manufaa ya nchi. Mtu aliyetaka maji safi alishuka hadi mahali kilima kinapoishia na mafunjo yanapoanza.

Jaribio la kwanza kubwa la kutengeneza maji kwa makusudi katika eneo ambalo leo ni Kampala lilitoka kasrini. Kabaka Mwanga wa Pili, aliyetawazwa mwaka 1884 akiwa kijana, aliamuru katika miaka iliyofuata kuchimbwa kwa ziwa chini ya kilima cha Mengo, karibu na Ndeeba. Husimuliwa kwamba alikusudia kuliunganisha na Nalubaale kwa mfereji, ili mitumbwi yake itoke kasrini hadi ziwa kuu, na ili awe na njia ya kuponyoka siku ya hatari. Mfereji huo haukukamilika. Ziwa lilikamilika, na lipo hadi leo: Ziwa la Kabaka.

Lilichimbwa kwa mikono. Machifu waliitwa na watu wao kuja kubeba udongo, na waliochelewa au kukosa walitozwa faini. Watu waliozoea kutii walichoka. Mkubwa na mdogo waliwekwa katika tope lilelile, na chuki iliyozaliwa pale iliongezeka juu ya chuki nyingine za miaka ile, za dini, za mauaji ya waumini na za vijana wenye bunduki waliokuwa wakigombea nafasi kasrini. Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa. Alirudi kitini mwaka uliofuata, lakini ziwa lilikwisha kuwa ushahidi wa jinsi maji yanavyoweza kumgharimu mtawala. Leo kingo zake zina majani na ndege, na kwa sura yake ya sasa ni bustani ya maji ya zamani kuliko zote mjini, ingawa hakuna aliyeikusudia iwe hivyo.

Desemba 1890 Frederick Lugard alipiga kambi juu ya kilima ambacho kingeupa mji jina lake, kilima cha swala, kasozi k'empala. Utawala wa Waingereza uliofuata ulileta namna mbili mpya za kuutazama mmea wa maji: kama kitu cha kuorodheshwa, na kama ugonjwa.

Namna ya kwanza ilipata makao Entebbe, ambako bustani ya mimea ilianzishwa mwaka 1898 kando ya ziwa, msimamizi wake wa kwanza akiwa Alexander Whyte, aliyewahi kufanya kazi Nyasaland. Kazi kuu ya bustani hiyo ilikuwa ya biashara: kujaribu mpira, kakao, kahawa na miti ya mbao kutoka pande nyingine za dunia na kuona ipi ingezaa faida. Mimea ya kienyeji ya ukingoni mwa ziwa ilibaki kama mandhari. Ladha ya bustani iliyotoka Entebbe na kuingia katika nyua za maofisa wa Nakasero na Kololo ilikuwa ya nyasi fupi, maua ya kigeni na miti ya kupangwa. Mafunjo hayakualikwa.

Namna ya pili ilikuwa na sababu nzito zaidi. Malale yaliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 katika kingo na visiwa vya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, na serikali ya Gavana Hesketh Bell iliwahamisha watu wote waliobaki kwenye kingo hizo. Malaria ilikuwa kila mahali. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa mwaka 1913 kuchunguza usafi wa miji ya Afrika Mashariki, alipendekeza kukaushwa kwa vinamasi na kutenganishwa kwa makazi ya Wazungu, Wahindi na Waafrika kwa ukanda wa ardhi isiyojengwa. Bonde la Kitante, kati ya Nakasero na Kololo, likawa uwanja wa gofu. Kwingine ilichimbwa mifereji na kupandwa mikaratusi, mti wa Australia unaokunywa maji kwa pupa. Tangu hapo kinamasi kilihesabiwa katika ramani za mji kama kasoro ya kurekebishwa, na kasoro hiyo ikawa makao ya watu maskini: mji ulipopanuka, wenye fedha walipanda vilimani, na wasio nazo walishuka Kisenyi, Katwe, Bwaise.

Hukumu hiyo dhidi ya mafunjo ilikuwa na kosa, na kosa hilo liligunduliwa Uganda. Mtaalamu wa wadudu Lameck Goma, ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Zambia, alichunguza mbu wa vinamasi vya mafunjo vya Uganda na kuchapisha matokeo yake mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960. Mbu hatari wa malaria, Anopheles gambiae, hapendi kinamasi cha mafunjo kilichoachwa kama kilivyo. Anataka dimbwi dogo, la maji mapya, lililo juani. Chini ya mafunjo mazito kuna kivuli. Mafunjo yanapofyekwa na matuta ya kilimo kuchimbwa, madimbwi ya jua huzaliwa kwa mamia, na mbu huyo huingia. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2000 kutoka vijiji vya wilaya ya Kabale, ulionyesha kwamba kando ya vinamasi vilivyolimwa joto lilikuwa juu zaidi, na mbu na malaria vilizidi, kuliko kando ya vinamasi vya mafunjo visivyoguswa. Miongo kadhaa ya kufyeka kwa jina la afya ilikuwa, mahali pengi, imeufungulia mlango ugonjwa uleule.

Lakini ujenzi ulikuwa na kasi yake. Nakivubo ndilo bonde linalosimulia habari hiyo vizuri zaidi. Kiwanja cha mpira kilijengwa humo miaka ya 1920. Reli ya kwenda Port Bell, gati lililopewa jina la gavana yule yule, ilipitishwa juu ya tuta lililokata kinamasi vipande viwili, cha juu na cha chini, na mgawanyo huo unaonekana hadi leo. Miaka ya 1950 mkondo wa Nakivubo ulinyooshwa na kuwa mfereji, eneo la viwanda likatandazwa pembeni mwake, na baada ya 1971 soko la Owino likakua ukingoni. Maji machafu ya mji, yaliyosafishwa katika mtambo wa Bugolobi na yasiyosafishwa kabisa, yalitiririka katika mfereji huo kuelekea Ghuba ya Murchison. Ndani ya ghuba hiyohiyo, kilomita chache tu kutoka mdomo wa Nakivubo, kuna Gaba, mahali ambapo Kampala imechota maji yake ya bomba tangu mwishoni mwa miaka ya 1920.

Kati ya uchafu na bomba la Gaba palikuwa na kitu kimoja kisicholipwa mshahara: kinamasi cha chini cha Nakivubo. Mafunjo na nyasi zake zilipunguza mwendo wa maji, zikatuliza tope, na mizizi yake, pamoja na viumbe wadogo wanaoishi juu yake, ikanyonya naitrojeni na fosforasi. Mwaka 1999 wachumi na maofisa wa mazingira walijaribu kuitaja kazi hiyo kwa fedha. Kwa eneo la takriban kilomita za mraba 5, walikadiria thamani ya kusafisha maji peke yake kuwa kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Si rahisi kutaja ofisi ya mji iliyofanya kazi ya thamani hiyo bila bajeti.

Watu walikuwa wakililima bonde hilo kwa miaka mingi kabla ya hesabu hizo. Katika sehemu ya juu, mafunjo yaliondolewa na mahali pake yakaja magimbi, ambayo Kampala yanaitwa mayuni, na miwa. Gimbi ni mmea wa maji kwa haki yake, na shamba la mayuni lenye majani mapana yanayotiririsha matone ya mvua ni zuri kulitazama. Hata hivyo halifanyi kazi ya mafunjo. Mizizi yake ni michache, na kila linapovunwa udongo hufukuliwa na tope lililotulia hurudi majini. Wakulima wake, wengi wao wanawake wa mitaa ya karibu, walikuwa wakilisha familia mahali ambapo mji haukuwapa ardhi nyingine.

Wakati kinamasi cha kienyeji kikipungua, mmea mwingine wa maji ulikuwa njiani, na huo ulitoka bustanini. Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini. Lina ua la zambarau hafifu lenye doa la njano, majani yanayong'aa, na vikonyo vilivyovimba hewa vinavyoliwezesha kuelea. Kwa uzuri huo lilisafirishwa duniani kote tangu karne ya 19 kupamba vidimbwi vya majumbani. Katika Afrika ya Kati lilipandwa kama pambo, na inaaminika kwamba liliingia Ziwa Victoria kupitia mto Kagera, unaotoka Rwanda na Burundi. Uganda ililiona Ziwa Kyoga mwaka 1988, na ndani ya miaka michache lilikuwa Nalubaale.

Halikuwa na adui ziwani, na uchafu wa miji ulikuwa chakula chake. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika hekta zinazokaribia 20,000 za ziwa katika nchi tatu. Port Bell ilizibwa hata meli zikashindwa kufunga gati. Mitambo ya umeme ya Owen Falls huko Jinja ilisumbuliwa. Wavuvi walishindwa kusukuma mitumbwi nje ya ghuba zao, na chini ya zulia lile la kijani maji yalikosa hewa. Serikali ilijaribu mashine na mikono. Kilichofaulu kuliko vyote kilikuwa wadudu wadogo wa jenasi Neochetina, aina ya fukusi walioletwa kutoka lilikotoka gugu na kuachiwa ziwani katikati ya miaka ya 1990, wakisaidiwa na mawimbi na hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998. Gugu lilipungua sana, ingawa halikutoweka. Mwaka 2013 Kyoga ilipata mgeni mwingine wa aina hiyo, Salvinia molesta, naye ni mtoto wa Amerika ya Kusini aliyesafiri dunia kwa njia ya mapambo ya maji.

Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa madhara ya ua moja la kidimbwi. Mmea ulionunuliwa kwa uzuri wa maua yake uligharimu nchi tatu kazi, samaki na umeme, na katika kingo hizohizo yungiyungi la kienyeji, lenye uzuri uleule na wadudu wake wa kulizuia, lilikuwepo muda wote.

Sheria nayo ilibadilika katika miaka hiyo. Mwaka 1986 serikali mpya ilisimamisha ukaushaji mkubwa wa vinamasi. Mwaka 1988 Uganda ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, na mwaka 1995 ilikuwa nchi ya pili duniani, baada ya Kanada, kuwa na sera ya taifa ya ardhi oevu. Katiba ya mwaka huohuo, katika ibara ya 237, iliiweka ardhi oevu mikononi mwa serikali kama amana kwa ajili ya raia wote, na kanuni za mwaka 2000 zikaeleza nini kinaruhusiwa humo na nini kinahitaji kibali. Mkutano wa tisa wa nchi za Ramsar ulifanyika Kampala Novemba 2005. Ghuba ya Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe, na kinamasi cha Mabamba anakoishi korongo-nyangumi viliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2006. Nje ya ukumbi wa mkutano, ujenzi katika mabonde ya mji uliendelea. Barabara ya mzunguko ya kaskazini ilipita juu ya Lubigi, Bwaise ikaendelea kufurika kila mvua kubwa, na mwezi Juni 2024 mamlaka ya mazingira ilibomoa nyumba zilizokuwa Lubigi, wengi wa wakazi wake wakiwa watu wa kipato kidogo waliouziana ardhi hiyo kwa miaka mingi bila kuzuiwa.

Katika historia hiyo ndefu, kidimbwi cha mimea ya kienyeji nyuma ya nyumba ni sura changa na ndogo. Imetokana na pande mbili. Upande mmoja ni sayansi ya Chuo Kikuu cha Makerere na ya Bugolobi: utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulilinganisha vinamasi vidogo vya kujengwa, vingine vikiwa na mafunjo na vingine na nyasi ndefu ya Miscanthidium violaceum, ambayo nayo ni mwenyeji wa Nakivubo, na mafunjo yakashinda katika kuondoa naitrojeni na fosforasi. Upande wa pili ni vitalu vya miche vya kando ya barabara za mjini, ambako miongoni mwa maua ya kigeni siku hizi huonekana pia ndago na mafunjo katika ndoo.

Anayekitengeneza kidimbwi kama hicho hulirudia bonde kwa kipimo cha uani. Shimo huchimbwa kwa ngazi: ukingo wenye matope tu, ngazi ya maji ya kufika kifundoni, kisha katikati palipo na kina cha nusu mita au zaidi. Udongo wa mfinyanzi wa bondeni hufaa kuliko ule mweusi wenye samadi, kwa kuwa samadi hugeuza maji kuwa ya kijani. Yungiyungi hupandwa katika chombo kizito chini kabisa na kuachwa lipandishe majani yake lenyewe. Mafunjo hupandikizwa kwa kipande cha shina la chini kilicho na chipukizi, katika ngazi ya kati, na ni lazima yafungiwe ndani ya beseni au ukuta mdogo, kwa sababu yakipewa nafasi huchukua kidimbwi chote. Ua mdogo unahudumiwa vizuri zaidi na ndago mwavuli, mdogo wake mafunjo, anayesimama kwa urefu wa mtoto. Ukingoni hukaa jimbi la maji, magimbi machache na, palipo na nafasi, mkindu mmoja.

Mbu hushughulikiwa kwa kivuli na kwa samaki. Majani yakifunika zaidi ya nusu ya maji, jua analolitaka Anopheles hupungua, na nkejje wachache, samaki wadogo wa Nalubaale ambao jamii zao nyingi ziliangamizwa na sangara aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, hula viluwiluwi vinavyobaki. Maji ya mvua kutoka paani yakielekezwa humo kabla ya kufika mtaroni, bonde la chini hupokea kidogo kuliko ambavyo lingepokea, na kile linachopokea kimekwisha kuacha tope lake.

Miche ichukuliwe kwenye kitalu au kwa jirani mwenye mafunjo yaliyozidi, kamwe isikatwe Lutembe wala Lubigi. Vidimbwi vyote vya Kampala mwisho wake ni Nalubaale au Nile, kwa hiyo gugu maji, hata shina moja katika beseni, lisipandwe.